Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Mbeya: bwawa la chemchemi linatunzwa kule juu mlimani, sio pale watu wanapoogelea

Mstahiki Meya, Mkurugenzi wa Jiji, waheshimiwa madiwani, pamoja na nyie wa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa na wa mamlaka ya maji hapa mjini, shikamooni wakubwa zangu, na mlio rika langu habari za kazi.

Ninachoomba ni kitu kimoja tu. Jiji letu litenge chemchemi moja kati ya zilizobaki kwenye hii miteremko ya mlima Loleza na safu ya Mbeya, pajengwe bwawa la kuogelea la wananchi wote, linalojazwa na maji ya chemchemi yenyewe na sio ya bomba, alafu kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafika pale muanze kulinda kule juu maji yanakotokea. Hilo la mwisho ndo limenifanya niandike barua ndefu hivi, maana bwawa lenyewe mkandarasi yeyote anaweza kulijenga, tofali zipo, mafundi wapo, ila chemchemi ikishachafuka au ikishakauka hakuna tenda itakayoirudisha.

Sitataja ni chemchemi ipi. Nimezizungukia kadhaa na ninayo moja moyoni, lakini nikiitaja leo hapa kesho utakuta mtu ameshaweka vigingi, mnajua wenyewe viwanja vinavyokwenda mbio hapa kwetu. Nitawaambia ofisini mkiniita.

Mi nafundisha michezo shule ya msingi hapa hapa mjini. Watoto wangu wanajua mpira, netiboli, riadha, kuvuta kamba, kila kitu, lakini ukimuuliza mtoto wa darasa la sita kama anajua kuogelea anakwambia ndio mwalimu, ukimuuliza ulijifunzia wapi anakutajia mto au shimo walilochimba watu tofali likajaa maji mvua zilipoanza. Wenye uwezo wanapeleka watoto hotelini wikiendi, wanalipa, sawa, lakini hao ni wachache na hawa wengine ndio wengi, na mvua zikishachanganya kuanzia mwezi wa kumi na mbili huko mpaka wa nne kila shimo linakuwa bwawa. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2024 limesema watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021 peke yake, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Tukisema tu "watoto wasiogelee" hawasikii, hakuna mtoto wa Mbeya aliyewahi kuona maji akapita pembeni. Wanahitaji mahali penye kina kinachojulikana, penye mtu mzima anayeangalia, na penye maji ambayo mtu ameyapima.

Sasa kwa nini chemchemi na sio bwawa la kawaida la kutia klorini? Sababu ya kwanza ni hela. Bwawa la kawaida linataka pampu, chujio, umeme kila siku, dawa kila siku, na tumeshaona mabwawa mangapi ya namna hiyo yanavyoishia kuwa shimo kavu lenye vigae vilivyobanduka kwa sababu bajeti ya dawa haikupita. Chemchemi inaingiza maji upande mmoja na kuyatoa upande mwingine usiku na mchana bila luku. Sababu ya pili, maji yake yanaendelea na safari, yanarudi kijitoni na huko chini kuna mama anamwagilia mchicha na figiri, kwa hiyo hatuwezi kuyatia klorini alafu tukamfungulia yule mama, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, maana bila dawa usafi wote wa bwawa unategemea usafi wa chanzo. Nimetafuta sana mahali duniani ambapo jiji linalokua kwa kasi limeweza kukaa na bwawa la aina hii katikati yake na nimepapata, naomba mnivumilie niwaeleze maana kila kitu nitakachoomba mbele kinatokana na yaliyowapata wao.

Huko Marekani, jimbo la Texas, kuna jiji linaitwa Austin. Katikati ya bustani yao kubwa ya Zilker kuna bwawa linaitwa Barton Springs, limepata kama ekari tatu, maji yanatoka kwenye mwamba wa chokaa moja kwa moja, nyuzijoto 20 au 21 mwaka mzima, kiangazi na baridi ni yale yale. Maji yake ni mengi mno, kwa wastani zaidi ya lita 1,000 kila sekunde. Hawatii klorini hata tone. Ardhi ile ilitolewa kwa umma na tajiri mmoja, Andrew Zilker, mwaka 1917, na tangu hapo ni mali ya jiji, sio ya mwekezaji. Kila Alhamisi wanalifunga mchana kutwa kulisafisha, wanapunguza maji, wanasugua ukoga kwenye ngazi na sakafu, wanaondoa mchanga. Bwawa linapendwa mpaka wenyeji wanaliita roho ya jiji, na jiji lenyewe limekua kutoka watu kama 132,000 mwaka 1950 mpaka zaidi ya 960,000 kwenye sensa ya 2020.

Hapo kwenye kukua ndo pana somo letu. Maji yanayotoka Barton Springs hayaanzii bustanini, ni mvua iliyonyesha mbali, vilimani nje ya mji, ikaingia kwenye nyufa za mwamba na kusafiri chini kwa chini. Wataalamu wao walimwaga rangi isiyo na madhara kwenye mashimo ya mito iliyo kilomita nyingi kutoka bwawani, wakasubiri na vipimo vyao, na kwa baadhi ya sehemu rangi ilitokea kwenye chemchemi ndani ya siku chache tu. Yani mtu akimwaga oili kule mlimani wiki hii, mtoto anaiogelea kabla wiki haijaisha. Mwamba wa chokaa hauchuji kitu, unapitisha kama ulivyopokea.

Kwa hiyo mwaka 1990, kampuni moja ilipotaka kujenga mji mzima wa nyumba na viwanja vya gofu kwenye ekari kama 4,000 juu ya kijito cha Barton, wananchi zaidi ya 900 walijiandikisha kuzungumza kwenye kikao cha baraza la jiji tarehe 7 Juni. Wakazungumza usiku kucha, mmoja mmoja, mpaka kunakucha, na baraza likakataa ule mradi. Miaka miwili baadaye, Agosti 1992, wakapiga kura kupitisha sheria ndogo ya kuokoa chemchemi, na ukiisoma ile sheria utashangaa maana haizungumzii kuogelea kabisa, inazungumzia paa na lami. Inasema kwenye eneo ambalo maji yake yanakwenda kwenye chemchemi, kiwanja kinaruhusiwa kufunikwa kwa asilimia 15 mpaka 25 tu kulingana na kilipo, yani kama una mita za mraba 1,000 basi nyumba, sakafu ya uwani, njia ya gari, vyote kwa pamoja visizidi 150 mpaka 250, zilizobaki ziwe udongo na majani ili mvua izame. Alafu mwaka 1998 wakapiga kura tena, safari hii wakakubali jiji likope dola milioni 65 kununua ardhi kule juu ili isijengwe. Fikirieni, watu wanakubali deni la namna hiyo na ardhi yenyewe hawaikanyagi, kwa ajili ya maji yanayotokea mahali pengine.

Na bado yaliwakuta. Mwaka 2003 bwawa lilifungwa kama siku 90 baada ya gazeti kuandika kwamba kuna sumu kwenye tope la kijito na bwawa. Wakapima, wakaambiwa kuogelea hakuna hatari, wakafungua, lakini hawakuishia hapo, waliendelea kutafuta zile kemikali zinatoka wapi na wakagundua chanzo kikubwa ni ile rangi nyeusi yenye lami ya makaa ya mawe ambayo watu walikuwa wanapaka kwenye maegesho ya magari ili yapendeze. Mwaka 2005 Austin ikawa jiji la kwanza Marekani kuipiga marufuku.

Niliposoma hiyo habari ya rangi nyeusi nilifikiria oili chafu ya kwetu. Sisi hatupaki maegesho, sisi tunapaka nguzo za uzio na mbao za mabanda ili mchwa wasile, ananunua mtu kidumu gereji anapaka nguzo 40 kuzunguka kiwanja kilichopo mlimani, mvua ya kwanza inashuka nayo. Ongeza wanaoosha bodaboda na bajaji kwenye vijito, ongeza dawa za viazi na za nyanya zinazopulizwa kwenye miteremko na makopo yake yanayotupwa pale pale shambani. Alafu vyoo. Tuseme ukweli, mitaa mingi ya milimani inatumia choo cha shimo, na gari la kunyonya majitaka halipandi kule kwa sababu njia ni za miguu, kwa hiyo shimo likijaa linachimbwa lingine hatua tano pembeni, miaka ishirini mtaa mzima unakuwa umetobolewa. Hapa Mbeya miamba yetu sio ile ya chokaa ya Texas, kuna sehemu udongo wetu unachuja vizuri zaidi, lakini penye nyufa kwenye mawe uchafu unapita, na nitrati ya chooni hata udongo mzuri hauizuii.

Sensa ya 2012 ilitukuta watu 385,279 ndani ya jiji. Ya 2022 ikatukuta 541,603. Hao wote wameongezeka wapi? Uyole huko kwenye tambarare, Iwambi, Mbalizi upande wa wilaya, lakini na mlimani pia, kila mwaka nyumba zinapanda hatua moja kuelekea msituni, na kila nyumba mpya siku hizi inamwaga pevingi uwanja mzima, geti mpaka jikoni, hata ua la kupanda hakuna. Mvua ikinyesha hayo maji hayana pa kuzama, yanatimka barabarani yanabomoa makalvati, alafu kiangazi tunalalamika chemchemi imekonda.

Najua mtaniambia kuna mita 60. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bwawa na kila mwenyekiti wa mtaa anaijua hiyo namba kwa kichwa. Mi siipingi, nataka isimamiwe, lakini kwa chemchemi mita 60 ni sawa na kulinda mdomo wa mtungi ukaacha mtungi wenyewe. Maji ya chemchemi yanazama mbali kule juu, pengine nusu ya mlima. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeshaliona hilo, inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo la chanzo kuwa eneo tengefu kwenye Gazeti la Serikali, na bodi ya bonde ndiyo inayoandaa mapendekezo. Kwa hiyo ombi langu kwa nyie wa Bonde la Ziwa Rukwa, ambao ofisi yenu iko hapa hapa mjini, ni kwamba mtusaidie kuchora ramani ya eneo lote linaloilisha hiyo chemchemi, sio duara la mita 60 bali umbo lake halisi jinsi mlima ulivyo, alafu mchakato wa kulitangaza uanze KABLA ya bwawa. Tukianza na bwawa, siku tutakayokata utepe ndio siku bei ya viwanja vya juu yake itapanda, kila mtu atataka kukaa karibu na bwawa zuri, na hao hao watakaokuja kwa kulipenda ndio watakaoliua.

Naomba sana jambo hili lisiwe kisingizio cha kubomolea watu. Waliojenga kule juu wengi wao waliuziwa kihalali kabisa kwa macho yao, wakaandikishana mbele ya viongozi wa mtaa, wakalipa, sasa leo ukienda na rangi nyekundu kuandika X kwenye ukuta wa mjane aliyejenga chumba kwa miaka tisa umeshaigeuza chemchemi kuwa adui wa watu, na hakuna chemchemi inayolindwa na watu wanaoichukia. Kwa wale waliopo tayari tufanye vitu vya kuwasaidia: mashimo ya vyoo yaliyojengewa yasiyovuja, mpango wa kuyanyonya hata kwa vifaa vidogo vinavyobebeka pale gari lisipofika, mahali pa kurudisha oili chafu na makopo ya dawa. Wenye mashamba wapewe maafisa ugani wawaonyeshe kontua na wapandishiwe miti inayopenda maji, mikuyu na miti ya asili, badala ya milingoti ambayo kila mzee hapa anajua inavyonyonya. Kwa watakaokuja kujenga sasa, hapo ndipo pawe na sheria ndogo ya jiji inayosema sehemu ya kiwanja lazima ibaki udongo. Na msitu wa mlimani ulindwe na moto, maana kila mwaka ikifika mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, usiku ukiangalia Loleza unaona mistari ya moto inapanda, na kesho yake wote tunaenda kazini kama hakijatokea kitu.

Kabla hamjachagua chemchemi waulizeni pia wazee wa Kisafwa. Hii ni ardhi yao kabla haijawa mji, sembuse jiji, hadhi tuliyoipata mwaka 2005. Kuna vichaka na vyanzo vya maji ambavyo ni vya matambiko, hivyo visiguswe kabisa, na hao wazee ndio wanajua chemchemi ipi iliwahi kukauka na ipi haijawahi, kumbukumbu ambayo haipo kwenye faili lolote la ofisi.

Maji ya kunywa yatangulie, hilo halina mjadala. Mbeya tunakunywa kutoka kwenye chemchemi na vijito vya mlimani, mgao tunaujua wote, na ule mradi mkubwa wa kuleta maji kutoka mto Kiwira tunausubiri kwa hamu. Sitaki mtu aone watoto wanarukaruka kwenye maji wakati yeye ana ndoo kavu. Kwa hiyo bwawa lipate yale ya ziada tu, likae chini ya kidakio, pale maji ya kunywa yanapokingwa, lisikae juu yake hata siku moja, na kiangazi kikiwa kikali maji yakapungua chini ya kipimo mlichokubaliana, bwawa lifungwe na watu waambiwe sababu. Mi nitakuwa wa kwanza kuwaelezea wanafunzi wangu.

Sasa bwawa lenyewe. Hesabu yake ni rahisi ila lazima ifanyike mapema. Tuseme mnajenga la mita 25 kwa 12, kina cha wastani mita 1.3, hilo linabeba lita 390,000. Chemchemi ikitoa lita 5 kwa sekunde, kwa siku ni lita 432,000, maana yake maji yote yanabadilika ndani ya kama saa 22, hapo pazuri. Lakini ikishuka mpaka lita 2 kwa sekunde mwezi wa kumi, maji yale yale yanakaa zaidi ya siku mbili, na hapo watoto mia mbili wakiingia Jumamosi mchana mnajua wenyewe yatakuwaje. Barton Springs wana lita 1,000 na zaidi kwa sekunde, wao maji yanajiosha yenyewe, sisi hatuna ubavu huo. Kwa hiyo ukubwa wa bwawa utokane na kipimo cha maji cha mwezi wa kumi na wa kumi na moja, pale yanapokuwa machache kabisa, sio kipimo cha mwezi wa tatu ambapo kila korongo ni mto. Na idadi ya watu kwa saa iwe na mwisho, iandikwe getini, ikifika basi, wengine wasubiri nje zamu ijayo. Kuoga kabla ya kuingia iwe lazima, vyoo na mabafu yawe mengi na maji yake yasirudi kijitoni.

Upimaji wa bakteria ufanyike kila wiki na majibu yabandikwe pale pale getini kwa lugha ya kueleweka, hata yakiwa mabaya, hasa yakiwa mabaya. Kuna na kichocho, ambacho kinapitia kwa konokono wa majini, wale wanapenda maji yaliyotulia yenye majani majani na tope, kwa hiyo kuta na sakafu ziwe ngumu, maji yawe yanatembea na siku moja ya wiki iwe ya kufunga na kusugua kama wenzetu wanavyofanya Alhamisi, isihamishwe kwa sababu eti kuna mgeni rasmi.

Jambo la mafuriko msilipuuze jamani. Barton Springs iko ndani ya njia ya kijito, ikabidi wajenge mfereji wa pembeni wa kupitisha maji ya kijito yasiingie bwawani, na bado mvua kubwa ikija kijito kinaruka ukuta kinamwaga tope na kokoto, wanafunga mpaka wamalize kusafisha. Sisi tusijenge kwenye mkondo kabisa. Bwawa likae pembeni, maji ya chemchemi yaletwe kwa mfereji uliofunikwa, na juu yake uchimbwe mtaro wa kukinga maji ya mlimani, kwa sababu mnajua mvua ya Mbeya inavyoshuka na mlima, inakuja nyekundu.

Baridi nayo sio ya kuchekea. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya chemchemi zetu ni ya baridi kuliko yale ya Texas, na mwezi wa sita na wa saba mtoto akikaa humo muda mrefu misuli inabana na hasemi, anazama kimya kimya. Waokoaji wawepo muda wote bwawa likiwa wazi, wafunzwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, walipwe mshahara wa maana na sio posho ya soda, na vijana wa mitaa ile ile ya juu wapewe hizo ajira kwanza, hapo mtaona wanavyoilinda chemchemi bila mgambo.

Kuhusu kiingilio najua kuna watakaosema tumpe mzabuni atukusanyie. Nawaomba msifanye hivyo. Mzabuni ataangalia hela, ataweka baa, ataweka spika, nyama choma itakuwa na foleni kuliko maji, na mwaka wa pili mtoto wa Isanga au Ilemi hataweza kulipa. Bwawa libaki la jiji. Mkazi alipe kidogo, anayetoka nje ya jiji alipe zaidi kidogo, ndivyo Austin wanavyofanya, wanafunzi wakija na mwalimu siku za shule waingie bure. Malipo yapite kwa namba ya malipo ya serikali na sio mkononi, na hela hiyo iwe na fungu lake ambalo haliwezi kuhamishwa kwenda kununua mafuta ya magari, nusu ihudumie bwawa na nusu iende kule juu kwenye vyoo, miti na mipaka. Hata hao Austin, bwawa lao wanalojivunia lilikuwa la wazungu tu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi weusi walijitosa humo mwaka 1960 kupinga, na hiyo ni miaka zaidi ya arobaini baada ya Zilker kutoa ardhi kwa "umma". La kwetu likifunguliwa liwe la wote kuanzia saa ya kwanza.

Alafu kuna kile kiumbe chao, nisikisahau. Ndani ya chemchemi za Barton anaishi salamanda mdogo, kiumbe wa jamii ya chura mwenye umbo kama la mjusi, ambaye hapatikani popote duniani nje ya eneo lile na chemchemi chache za jirani, na mwaka 1997 serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Tangu hapo hata usafi wa bwawa unafanywa kwa kumfikiria, maji hayapunguzwi ovyo, dawa kali hazitumiki. Sisi kwenye chemchemi zetu sijui kama kuna mtu ameshaangalia chini ya mawe kuna nini. Naomba mtaalamu wa viumbe wa majini aangalie kabla ya greda, haichukui muda mrefu.

Kazi ya kwanza haihitaji bajeti. Mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja mwaka huu, kila Jumatatu, mtu mmoja wa bonde na mmoja wa jiji waende kwenye chemchemi na ndoo ya lita 20 na simu yenye saa, wakinge maji kwenye bomba fupi, wahesabu sekunde, waandike. Ikijaa kwa sekunde 4 ni lita 5 kwa sekunde, ikichukua 10 ni lita 2. Namba hizo zibandikwe ofisi ya kata tuzione wote, na zikija kwenye kikao cha baraza la madiwani naomba nipewe nafasi nikae kule nyuma nisikilize. Wa kubeba ndoo nipo, na darasa la sita wapo.

Wenu,
Mwalimu wa michezo, mkazi wa Jiji la Mbeya